Tulipoanza Kuulizwa

Maboksi ya dawa yalifika yamefungwa kwa mikanda ya plastiki, na hakuna aliyeruhusiwa kuyafungua peke yake. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, wajumbe wawili watatu wa kamati ya afya wakakaa kwenye benchi la wagonjwa, mganga akakata mikanda kwa kisu, nami nikashika leja. Tulihesabu kwa sauti: klorokwini, aspirini, penisilini, dawa ya minyoo, pakiti za dawa ya kuhara, bandeji, sabuni. Jioni ileile kijiji kizima kilikwisha kujua kwamba dawa zimeingia, na kulipokucha foleni ilifika hadi kwenye mwembe.

Nilikuwa nimepangiwa kazi yangu ya kwanza, uuguzi wa mama na mtoto, katika zahanati moja ya bondeni wilayani Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Maboksi yale yalikuwa ya Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza miaka michache kabla yake kwa fedha za Denmark na kwa mkono wa UNICEF. Wauguzi waliotutangulia walitusimulia jinsi zahanati zilivyokaa na makopo matupu katika uhaba wa mwanzoni mwa muongo ule, mgonjwa akiambulia pole na cheti cha kwenda kununua dawa ambayo hata madukani haikuwapo. Kwa hiyo sipendi kusikia mtu akiyasema vibaya maboksi yale. Yalifika, na kwa zahanati iliyo mwisho wa barabara hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ila boksi halikutujua. Lilipangwa mbali, kwa hesabu moja kwa zahanati zote, za bondeni na za mlimani. Kwetu, penye mbu na mashamba ya mpunga, klorokwini ilikwisha kabla ya mwezi kwisha. Wenzetu wa juu, upande wa Mahenge penye baridi, walibakiwa na makopo yake huku wakililia dawa za kifua. Zahanati iliyozalisha wanawake watano kwa mwezi ilipata sawa na iliyozalisha thelathini. Leja yangu ilionyesha wazi kilichopungua na kilichosalia, mstari kwa mstari, lakini kila mwisho wa mwezi niliifunga na kuirudisha kabatini, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Hakuna aliyetuuliza tumetumia nini.

Vifaa vya wazazi vilikuwa vichache kuliko vyote. Mipira ya mikono tuliifua, tukaianika kwenye kamba, tukaipaka poda na kuichemsha ili itumike tena mpaka ichanike. Mjamzito alijua aje na nini: wembe mpya, uzi, kanga safi mbili tatu, beseni, na mafuta ya taa ya chemli kama uchungu ungemkuta usiku. Uchangiaji wa huduma ulipoanzishwa mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini mama aliyesamehewa kulipia sindano isiyokuwapo ilibidi mumewe akaitafute dukani mjini, au aikose.

Na mjini kwenyewe palikuwa mbali. Mvua zinapoanza, familia nyingi za bonde la Kilombero huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu katikati ya mpunga wakifukuza ndege na nguruwe mwitu mpaka mavuno. Wanawake huhama na mimba zao. Kati ya Machi na Mei mto hufurika, njia hugeuka matope, na enzi zile kivuko cha kwenda Ifakara kiliweza kusimama kwa siku kadhaa. Wengi walizalia kule kule, mikononi mwa wakunga wa jadi. Niliwaheshimu wakunga wale na bado nawaheshimu. Walijua kumtuliza mwanamke kuliko wengi wetu tuliovaa sare. Tatizo lao na letu lilikuwa moja: damu.

Mtoto akishazaliwa na kondo likatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha mimba. Usipojikaza, mwanamke aliyeingia leba kwa miguu yake anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili, na yule ambaye malaria na lishe duni zimekwisha kumpunguzia damu hana hata muda huo. Dawa inajulikana. Ni oksitosini, sindano moja ya uniti 10 kwenye msuli wa paja, mara tu mtoto anapotoka. Isipokuwapo, kuna egometrini, ambayo mwenye presha ya juu haruhusiwi kupewa. Vichupa vidogo vya mililita moja, vinavyoenea kwenye kiganja.

Nitamsimulia mmoja bila kumtaja jina. Alikuwa na watoto watatu, mwimbaji wa kwaya, mwenye kicheko ambacho ukikaa kliniki ulikisikia kabla hujamwona. Mtoto wa nne alizaliwa alfajiri mwezi wa Aprili, salama, akilia kwa nguvu. Kondo likatoka. Kisha damu ikaanza, ikawa haikatiki. Nilisugua tumbo, nikamweka mtoto titini, maana kunyonyesha nako husaidia mfuko kujikaza, na mganga akahangaika kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Egometrini ilikuwa imekwisha. Leja ilisema hivyo tangu wiki ya pili ya mwezi. Wanaume wanne wakambeba kwa kitanda cha kamba kuelekea mtoni. Maji yalikuwa yamejaa na kivuko kimefungwa upande wa pili. Mama mkwe wake alinishika bega akaniuliza, "Mwanangu, hiyo dawa ni ghali sana?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Si ghali." Hakuuliza tena. Mkamwana wake alifariki jua likiwa bado halijapanda. Yule mtoto alilelewa na bibi yake, na mimi ndiye niliyempima uzito kila mwezi kliniki mpaka alipotimiza miaka mitano.

Miaka kadhaa baadaye, nilipopelekwa kujiendeleza kwenye ukunga, mwalimu alituandikia ubaoni ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi, kama ulivyoelezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kupata huduma ukiwa umekwisha kufika. Darasa zima lilizungumzia mila, waume wagumu na barabara mbovu. Mimi nilimfikiria yule mama. Aliamua mapema. Alikuwa ndani ya zahanati tangu jioni. Barabara na mto vilimkuta baada ya sisi kumkosesha kitu ambacho kilipaswa kuwa kabatini, hatua tatu kutoka kitandani pake. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kwa kila anayeanza mazungumzo ya vifo vya wazazi kwa kulaumu ujinga wa kina mama.

Oksitosini ilipoanza kupatikana kwetu, ilikuja na shida yake. Inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Jokofu tulikuwa nalo, la mafuta ya taa, utambi wake ukikatwa kila asubuhi ili moto uwake bluu usitoe moshi. Lakini lilikuwa jokofu la chanjo, na kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba ndani yake haiingii kitu kingine. Oksitosini ikakaa kabatini, chini ya bati, katika joto la bondeni. Kichupa kilichoharibika kwa joto hukitambui kwa macho, kwa sababu maji yake hubaki maangavu vilevile. Unachoma sindano, unaweka kiganja juu ya tumbo, unangoja lile donge gumu lije chini ya mkono wako, haliji, na hujui kama ni mwili uliogoma au ni dawa iliyokwisha nguvu. Ni hofu ambayo sijui niielezee vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuzalisha usiku akiwa peke yake. Baadaye miongozo ilibadilika, oksitosini ikaruhusiwa kukaa jokofu moja na chanjo ikiwa na lebo yake. Wakunga wangapi walikuwa wamelisema hilo kabla halijaandikwa!

Kifafa cha mimba nacho kilikuwa na mkasa wake. Mjamzito huvimba uso, kichwa humgonga, macho huona nyota, kisha huanguka na degedege. Wengi waliamini ni mashetani au kurogwa, kwa hiyo tuliletewa mgonjwa ambaye amekwisha kufukizwa na kuchanjwa. Tulichokuwa nacho ni diazepamu, iliyomlaza mama na wakati mwingine ikamlegeza na mtoto tumboni asiweze kupumua vizuri akizaliwa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa Magpie, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, yakaonyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni chumvi ya zamani, ya bei ndogo, isiyo na mwenye hataza wala mwuzaji wa kuipigia debe. Ilichukua miaka mingine kabla sijaishika kwa mikono yangu zahanatini. Ilipofika tulifundishwa dozi ya kwanza: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, huku ukihesabu pumzi za mama na kuandaa rufaa. Mara ya kwanza nilipoona degedege likikatika na mama akanitazama akaniuliza yuko wapi, nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Bohari ya Dawa, ambayo wengi huiita MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Kule kwetu mabadiliko yalionekana baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maboksi yaliyofungwa yalipoanza kuondolewa wilaya baada ya wilaya na mahali pake ikaja fomu. Fomu ile ilikuwa na safu: ulichoanza nacho, ulichopokea, ulichotumia, kilichoharibika, kilichobaki, unachoomba. Kila kituo kikawa na akaunti yake bohari, na oda ikalingana na salio. Baadhi ya wenzangu waliona wameongezewa mzigo, na sikuwashangaa. Katika zahanati yenye wahudumu wawili, anayezalisha usiku ndiye anayechanja asubuhi, ndiye anayepima wajawazito mchana, na ndiye anayetakiwa kujaza fomu jioni kwa akili timamu. Aliyechoka hukisia badala ya kuhesabu, na kisio kikishafika juu hugeuka kuwa rafu tupu miezi mitatu baadaye. Ndiyo maana sijawahi kukubali kwamba upungufu wa dawa ni jambo la magari na maghala peke yake. Ni upungufu wa watu pia.

Hata hivyo nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza leja yangu ilikuwa na pa kwenda. Niliandika oksitosini kulingana na idadi ya wazazi wetu halisi, nikaongeza ya miezi ya mvua kabla njia haijafungwa, na sikuomba tena makopo ya dawa zilizokuwa zikioza kwenye kona ya stoo. Oda haikuja nzima kila mara. Lakini kilichokosekana sasa kilikuwa na jina, kimeandikwa na kutiwa sahihi, na mtu wa juu alilazimika kukisoma.

Mwaka 2009 simu ya mkononi nayo ikaingia kazini. Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini zilichaguliwa kwa majaribio yaliyohusu vituo 129. Kila wiki ujumbe uliingia kwenye simu ukiuliza umebakiwa na dozi ngapi za mseto, dawa ya malaria, pakiti za rangi nne kulingana na uzito wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Majibu yalionekana wilayani na hadi wizarani: nani ameishiwa, nani amezidiwa. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa zile. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Kwetu niliona pikipiki ikileta mseto kutoka kituo cha jirani ambacho kilikuwa na ziada, na ziada hiyo hatukuwa na namna ya kuijua kabla ya hapo.

Nilipokuwa najibu ujumbe ule, macho yangu yalikwenda kwenye kabati la wazazi. Hakuna aliyeuliza vichupa vingapi vya oksitosini vimebaki. Malaria ilikuwa ikiua watoto wetu mno na ilistahili kila swali lililoulizwa. Wajawazito pia walikufa kwa malaria. Lakini niliona kwa macho yangu kwamba kinachoulizwa kila wiki ndicho kinachoharakishwa, na nikajiuliza damu ya mzazi itaulizwa lini. Nililisema hilo kwenye kila kikao nilichoalikwa, mpaka nikajulikana kwa hilo. Baadaye, taarifa za kila mwezi zilipotengewa dawa 10 za kupimia hali ya upatikanaji, mojawapo ilikuwa oksitosini, au egometrini, au misoprostoli. Misoprostoli ni vidonge visivyohitaji jokofu, na WHO iliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu baada ya kujifungua mwaka 2011. Kwa mama aliye kwenye dungu maji yakiwa yamejaa, vidonge vitatu kwenye mfuko wa mkunga vina thamani kuliko hospitali nzuri iliyo ng'ambo.

Mengine yalikuja kwa pamoja, na sitaki kuyapa uzito sawa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi yalisimama, wahudumu wakachelewa kuyafuata. Fedha zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo mwaka wa fedha 2017/18, na huo nauona ni uamuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa. Daraja la Kilombero, mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na kivuko kikaacha kuwa mwamuzi wa nani aishi. Usafiri wa dharura wa m-mama ukafika, mtu akipiga 115 bila malipo gari linatafutwa, hata la dereva wa kawaida wa pale kijijini, na analipwa.

Takwimu za taifa nazo zimesogea. Vifo vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000 vilikadiriwa kuwa 578 katika utafiti wa mwaka 2004/05, vikashuka hadi 454 mwaka 2010, vikaonekana 556 mwaka 2015/16, kisha 104 mwaka 2022. Makadirio haya hutokana na kuwauliza wanawake habari za dada zao, kwa hiyo yana kuyumba ndani yake, na sishauri mtu ayachukue kama hesabu ya leja. Lakini waliojifungulia kwenye vituo waliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 81 katika kipindi hicho, na hilo sihitaji takwimu kuliamini. Nimewaona wakija, mabinti wa wale niliowakosa zamani.

Siku hizi hata damu yenyewe inapimwa. Zamani tulikadiria kwa macho, kwa idadi ya kanga zilizolowa, na jicho lililochoka hupunguza. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama huwekwa plastiki yenye mfuko uliochorwa alama za mililita, na damu ikifika alama ya hatari mkunga hangoji amri: husugua tumbo, hutoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, huweka dripu, huchunguza chanzo, vyote kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zote hizo zilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni kipimo na utaratibu.

Nimestaafu, ila kijiji kilinichagua kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati. Fomu ya kuagiza dawa hupitia kwetu kabla haijatumwa, na mkunga kijana anayeijaza hunipigia simu: "Shikamoo mama, njoo tuhesabu." Tunahesabu wote wawili, kichupa kwa kichupa, kisha tunalinganisha na kitabu cha wazazi. Robo iliyopita oksitosini ilitosha, magnesiamu salfeti ilibaki ya mama mmoja tu, na tumeomba iongezwe kabla ya mvua. Betri ya sola ya jokofu imeanza kuchoka, inazima usiku wa manane. Kikao kijacho ni Jumanne, na nimeomba betri iwe ajenda ya kwanza, kabla ya rangi ya ukuta na uzio.